Mechi ya Mwisho kwenye Uwanja wa Kichuguu

"Mpira umeshatoka nje, unaukimbilia wa nini?"

Mzee Pazi aliniuliza hivyo kutoka juu ya ngazi yake ya urefa, mwavuli mweusi mkononi, mbele ya watu waliokuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Raba yangu ya kushoto, iliyopasuka mbele mpaka kidole gumba kinachungulia, nilikuwa nimeshaivua pamoja na mwenzake, na nilikuwa nimeshafungwa seti nzima na sehemu kubwa ya seti ya pili. Watu walicheka. Nikaenda kuokota mpira.

Nimeulizwa maswali mengi tangu siku hiyo, mengine katika vyumba vya mitihani, na mengi nimeyasahau. Hilo halijaondoka. Juzi tu mwenzangu ofisini, hapa Dar es Salaam, mjamzito wa miezi sita, alifungua kikaratasi juu ya meza. Ndani mlikuwa na vipande vya ule udongo mwekundu wanaouziwa wajawazito sokoni. Akaudondoshea maji kidogo kutoka kwenye chupa yake. "Ukilowa ndio unanukia," akasema, akaanza kutafuna. Nikaacha kuandika. Ilikuwa harufu ya nyumbani kwetu Tabora, saa kumi na mbili asubuhi, baba akiwa ameshamwagilia uwanja na jua halijafika kwenye mstari wa nyuma.

Baba yangu alikuwa fundi wa uwanja wa tenisi. Nikisema hivyo watu wa rika langu hudhani nawatania, kwa sababu Tabora wanayoijua ni ya stesheni, asali na tumbaku. Lakini uwanja ulikuwepo, upande wa pili wa reli, umeachwa na watu wa zamani ambao hatukuwahi kuwaona, ukabaki mikononi mwa klabu ya wazee wachache waliozidi kupungua. Nyumba yetu ya vyumba viwili ilikuwa nyuma ya uzio wa wavu. Ukifungua dirisha la kulala, unaona mistari ya chokaa.

Uwanja ule haukuwa wa saruji. Ulikuwa wa udongo wa kichuguu. Baba alikuwa akienda porini na mkokoteni, anachagua kichuguu kilichohamwa na mchwa, anakigonga na mpini wa jembe huku ametega sikio kama mtu anayechagua tikiti. Udongo ukifika nyumbani unaanikwa, unapondwa, unachekechwa kwa kipande cha chandarua, kisha unakorogwa na maji na kusambazwa kwa ubao. Baada ya hapo linapita rola, pipa la chuma lililojazwa zege, zito kiasi kwamba mimi na mama tulikuwa tunalisukuma pamoja na bado baba anatuambia tunalibembeleza. Wakati wa kiangazi jua lilipasua uwanja kila siku, na kila alfajiri baba aliziba nyufa zilizofunguka jana. Nilimuuliza kwa nini anafanya kazi isiyokwisha. Akaniambia hata kuoga hakuishi.

Kwa kuwa niliishi pale, niliufahamu ule uwanja kama ninavyofahamu meno yangu. Kulikuwa na kona moja, nyuma kushoto, upande wa reli, ambako palikuwa na ufa usiokubali kupona. Mpira ukitua pale haukuinuka. Ulikufa, ukateleza chini chini. Nilijifunza kupiga mipira yangu pale, na wageni wote waliishia kupiga hewa. Nilidhani huo ndio ufundi.

Mzee Pazi alikuwa Mzaramo aliyeletwa Tabora na kazi ya reli, akastaafu, akakataa kurudi pwani. Sisi ni Wanyamwezi, kwa hiyo alikuwa mtani wetu, na utani wake haukuwa na likizo. Alikuwa akifika kwetu asubuhi, hajasema hodi, anafunua sufuria la mama.

"Mnakula nini leo, wapagazi?"

"Tunakula ulichokiacha," mama anamjibu. "Yaani hatuna kitu."

"Babu zenu wamebeba pembe za watu toka huku mpaka pwani, miezi mitatu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mzigo wa nani. Nyinyi ni watu kweli?"

"Na sisi tulipofika kwenu," baba anadakia kutoka nje, "tuliwakuta mnacheza ngoma. Tukatua mizigo, tukapumzika, tukaondoka. Mpaka leo mnacheza."

Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mimi sikucheka. Nilitaka kujua kama wale wapagazi walilipwa. Hakuna aliyejua, na Mzee Pazi aliniambia kwamba Mnyamwezi anayeuliza malipo bado hajazaliwa. Bibi yangu alipofariki, huyo huyo alikuja msibani, akajilaza kwenye kitanda cha marehemu, akasema hatoki mpaka apewe kuku. Akapewa. Kwa hiyo utani niliujua, au nilidhani naujua. Kwangu utani ulikuwa matusi na vituko. Ukitukanwa, hukasiriki. Hapo ndipo elimu yangu ilipoishia.

Kila mwaka klabu iliandaa mashindano madogo ya watoto, na zawadi ilikuwa raketi mpya. Mwaka ule nilifika fainali. Aliyefika upande wa pili ni Nasra, msichana wa rika langu kutoka familia ya Waarabu wa mjini, watu wenye duka la vitambaa ambako bibi zetu wote walinunua kanga. Nasra alikuwa na raketi yake mwenyewe, suruali ndefu nyeupe, na hijabu aliyoibana nyuma kwa pini tatu. Hatukuwa maadui. Hatukuwa na urafiki pia. Tulijuana kwa mipira tu, yeye anajua natoroshea mipira kwenye kona, mimi najua hapendi kusogea kwenye wavu.

Wiki ile watu walianza kusema uwanja unauzwa. Walisema mnunuzi ni ami yake Nasra, kwamba atajenga fremu za maduka. Nilisikia sokoni, nikasikia kisimani, nikasikia kwa kijana wa bodaboda aliyesimama kwetu kuomba maji. Nyumbani hakuna aliyelitaja hilo. Uwanja ukiondoka, nyumba inaondoka, maana nyumba ni ya uwanja. Na baba atafanya nini? Sikuwahi kumwona akifanya kazi nyingine. Nilijaribu kumwazia amesimama dukani anapima sukari, nikashindwa.

Asubuhi ya fainali niliamka nikamkuta baba kwenye kona yangu. Alikuwa ameuchimbua ule ufa mpaka chini, ameujaza udongo mpya, ameushindilia kwa kisigino, na sasa anapitisha rola taratibu.

"Baba, umeziba!"

"Ndiyo."

"Lakini pale ndipo ninaposhindia."

Akasimamisha rola. "Uwanja si wako peke yako, Siwema."

Ndipo Mzee Pazi akatokea na ngazi yake begani. Aliniona nimenuna, akaishusha ngazi, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Nakumbuka alinukia karafuu na mafuta ya taa.

"We mpagazi, sikiliza. Mimi nimezungumza na wakubwa. Ukishinda leo, uwanja hauuzwi."

"Kweli?"

"Nimeshasema. Ukishindwa, shauri yako, mtahamia juu ya mti na nyani."

Nikamgeukia baba. Yeye ndiye aliyekuwa mahakama yangu. Baba alikuwa ameegemea rola, anafuta jasho kwa mkono wa shati. Akacheka kidogo.

"Haya," akasema. "Mtani ameshasema."

Hili la nyani lilikuwa tusi, kwa hiyo nililiweka upande wa utani. Lile la kwanza halikuwa tusi, na baba alikuwa amelikubali. Nikaliweka upande wa kweli. Sijui mtoto wa mahali pengine angegawanyaje maneno yale, lakini mimi niligawanya hivyo, nikaenda kufunga raba zangu.

Tulianza karibu saa sita, baada ya hotuba. Seti ya kwanza nilifungwa sita kwa moja. Nilikuwa napiga mpira kama mtu aliyebeba ndoo kichwani, naogopa kumwaga. Nasra naye alicheza kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Alizoea kucheza huku akizungumza, akicheka na dada zake waliokaa pembeni. Siku ile alikuwa kimya. Alimeza midomo. Kila mpira nilioupeleka ulirudi, na kila uliorudi ulikuwa na hasira ndani yake. Nilipeleka mipira kwenye kona yangu kwa mazoea, ikainuka vizuri kabisa, akaipiga atakavyo.

Seti ya pili ikafika tano kwa sifuri. Gemu moja tu imebaki. Watu walianza kuinuka, wanapangusa nguo. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Mayoo, mtoeni huyo mtoto, atazimia." Mama alisimama karibu na wavu akaniita kwa mkono. Nikajifanya sijamwona. Kidole changu kilikuwa kimeshachubuka, chokaa ya mstari inakichoma, nikavua raba zote mbili nikazitupa. Ndipo nilipoukimbilia ule mpira uliokwisha kutoka nje, na Mzee Pazi akaniuliza wa nini.

Ningemwambia nini? Wewe ndiye uliyeniambia? Nilidhani anajua. Nilidhani ananificha tu mbele za watu, kwamba ile ni siri yetu ya asubuhi.

Kisha ikaadhiniwa adhuhuri. Msikiti wa karibu una kipaza sauti kikali. Mzee Pazi akainua mkono, mchezo ukasimama, sote tukanyamaza mahali tulipokuwa. Nakumbuka nyayo zangu juu ya udongo uliopata moto, nanyanyua mguu mmoja, nashusha mwingine. Nasra aliinamisha kichwa upande wake. Hakuna aliyeketi. Adhana ilipokwisha wanaume kadhaa wakaondoka kwenda kuswali, na mimi nikiwa nimepata pumzi nikaona kwamba nimepewa ishara. Leo nisingekubali ishara ya aina hiyo hata ikiandikwa ukutani. Siku ile niliichukua kwa mikono miwili.

Nilishinda gemu ile. Nikashinda iliyofuata. Sikumbuki jinsi ilivyotokea, nakumbuka tu kwamba niliacha kulenga popote, nikawa narudisha. Mpira unakuja, narudisha. Unakuja, narudisha. Nikawa kama ukuta wa stesheni ambao tulikuwa tunaupigia mpira tukiwa wadogo. Waliokuwa wameinuka wakarudi kukaa. Kijana wa bodaboda akaegesha pikipiki nje ya uzio na kupanda juu ya kiti chake. Tano kwa tatu. Tano kwa nne. Mzee Pazi alikuwa ameacha kutania. Anataja pointi kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya waliofaulu.

Gemu ya mwisho ilikwenda na kurudi kwenye sare ya arobaini mara nyingi kiasi kwamba watu walianza kuhesabu kwa pamoja. Mimi na Nasra tulikuwa tumekwisha. Alikuwa anapiga huku akitoa mlio kama mtu anayeinua gunia. Pini moja ya hijabu ilikuwa imedondoka, ameishika kwa meno. Sikuelewa kwa nini anahangaika vile. Ana raketi. Ana nyumba ya ghorofa. Ami yake ndiye mnunuzi. Nilimchukia kwa dakika kumi nzima, chuki safi ambayo sijawahi kuipata tena kwa mtu yeyote.

Mpira wa mwisho aliupiga juu, ukaja taratibu, ukashuka kwenye kona ya nyuma kushoto. Sasa tulikuwa tumebadilishana pande, kona ile ilikuwa yangu kuilinda. Macho yangu yalijua kwamba baba ameiziba. Magoti yangu hayakujua. Nilichuchumaa kuupokea chini, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Mpira ukatua pale, ukainuka kama mpira unavyotakiwa kuinuka, ukapita juu ya bega langu.

Nasra aliangusha raketi akalia. Alimkimbilia ami yake aliyekuwa ameketi mstari wa mbele, akamshika kanzu, akamwambia maneno ambayo sikuyasikia. Ami yake akacheka, akampapasa kichwa, akatikisa chake. Nasra akazidi kulia, na nikamwona ni mtu wa kudeka, ameshinda na bado anaomba na kingine.

Mimi nilikwenda kwa baba. Alikuwa amesimama kando ya rola.

"Nimeuuza uwanja, baba."

"Umefanya nini?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, uso wake unabadilika polepole. Kisha akachutama akaanza kunitoa chokaa kwenye kidole kwa ncha ya kanga ya mama.

"Uwanja umeuzwa tangu kabla ya mfungo," akasema. "Karatasi zimeshasainiwa. Yule ni mtani, Siwema."

"Mbona ulisema ameshasema?"

"Ningejibu nini? Mtani akisema jambo mbele yako, huwezi kumwambia ni mwongo. Unamwachia lake."

Nililia hapo, si kwa kushindwa. Nililia kwa sababu ningeweza kupumzika nikiwa tano kwa sifuri. Kisha nikapata swali jingine, maana hata kilio hakijawahi kunizuia kuuliza.

"Sasa kama umeuzwa, ule ufa uliuziba wa nini?"

"Kwa sababu kulikuwa na mechi," baba akasema, kana kwamba hilo ndilo jibu.

Mwezi uliofuata likaja greda. Lilimaliza kazi ya miaka ya baba kabla ya chai ya saa nne. Udongo wake ulikuwa mzuri mno kuutupa, kwa hiyo wanawake wa mtaa wa Ng'ambo walikuja na ndoo, wakaubeba kwenda kukandika kuta. Tulihamia chumba cha kupanga. Baba akaenda kijiji cha Ipole kuchochea moto kwenye mabani, yale mabanda ya kukaushia tumbaku, anarudi mara moja kwa mwezi na kikohozi ambacho hakikuwa kimeenda naye. Hakuwahi kuniambia kwamba anaukumbuka uwanja. Lakini akija nyumbani nilimwona anakanyaga sakafu kwa kisigino, anasikiliza.

Shuleni mwalimu mkuu alinisimamisha mbele ya mstari. Akasema mimi ni mfano wa kutokata tamaa, nimetoka tano sifuri nikafika tano nne, nipigiwe makofi matatu. Nikapigiwa. Tangu siku hiyo hadithi hiyo imenifuata. Ilinifuata sekondari, ilinifuata chuoni, ambako mhadhiri mmoja aliitumia kutuhamasisha kabla ya mitihani, hajui kwamba mwenyewe nimekaa kiti cha tatu. Inasimuliwa vizuri sana. Ina kasoro moja, kwamba si kweli. Sikukataa kukata tamaa. Nilidanganywa, na aliyedanganywa hahitaji moyo wa chuma ili aendelee. Anahitaji tu asiambiwe. Ningejua ukweli ningekaa kivulini nikanywa soda, na ningekuwa na haki. Hakuna gemu hata moja kati ya zile nne iliyorudisha kitu chochote. Nimejaribu mara nyingi kupata somo ndani yake, kwa kuwa watu wanapenda nipate, na kila mara nimetoka na mikono mitupu. Tulicheza. Uwanja ulikuwa umeshauzwa. Yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja, na moja halikuligusa jingine.

Mzee Pazi alifariki mwaka jana. Nilisafiri kwenda msibani, kwa kuwa sisi ni watani zake na baba hana tena kifua cha kusimama juani. Nilifanya inavyotakiwa. Nilizuia mlango nikasema Mzaramo huyu hatoki humu mpaka alipe ugali wa mama aliokula bure, waombolezaji wakacheka huku wanalia, nikapewa sahani ya pilau nipishe njia. Baada ya maziko nilikwenda kukaa mkekani na wanawake. Mmoja akasogea kunipisha. Alikuwa Nasra, ana mtoto mapajani, hijabu imebanwa kwa pini tatu. Hatukuwa tumezungumza tangu siku ile.

Tuliulizana hali, tukasifiana watoto na kazi. Kisha, kwa sababu ya marehemu, nikamsimulia ahadi ya asubuhi ile, nikitegemea atacheka.

Hakucheka. Alimhamisha mtoto kwenye paja jingine.

"Kwetu alikuja kabla hajaja kwenu," akasema. "Aliniita pembeni, akaniambia nikikushinda, ami hatauchukua uwanja. Pale nilipomshika ami kanzu, nilikuwa namwambia kwamba nimeshinda, kwa hiyo auache."